Tumbo la Yaya Bahati

Majuzi nilimpeleka mwanangu shule, na getini nikakuta ndoo yenye robine ya kutolea maji imewekwa juu ya kiti, mwalimu amesimama kando yake akihakikisha kila mtoto ananawa kabla ya kuingia. Kolera ilikuwa imerudi katika mitaa ya chini, karibu na ziwa, kama inavyorudi karibu kila mvua hapa mjini Baraka. Mwanangu alinawa akicheka na kuwarushia wenzake matone. Mimi, harufu ile ya klorini iliponifikia, niliegemea ukuta. Mwalimu akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikasema hapana, ni jua. Haikuwa jua. Ilikuwa Yaya Bahati, dada yangu. Kwangu harufu ya klorini ni yake, kama kwa wengine harufu ya sabuni fulani ilivyo ya mama zao.

Tulibaki wawili tu kwa Mama. Bahati alikuwa mkubwa, tayari msichana wa kuchumbiwa, na mimi nilikuwa bado nang'oka meno ya mbele. Wale waliozaliwa kati yetu, na mmoja baada yangu, walizaliwa kambini, ng'ambo ya ziwa, katika miaka ya ukimbizi, na ardhi ya huko haikuwarudisha. Labda ndiyo maana Bahati alinilea kama mtoto wake. Alikuwa anashona katika atelie moja nyuma ya soko, na vipande vilivyobaki vya vikwembe alinishonea navyo sketi za rangi kumi ambazo wasichana wengine walinichekea na kisha wakazitamani. Aliimba kwaya. Alikula kuliko mtu yeyote nyumbani. Tukipika bugali na mukeke, kichwa cha samaki kilikuwa chake, na alikifyonza kwa sauti mpaka Mama akamkaripia, "We Bahati, bwana yako atakukimbia siku ya kwanza." Bwana mwenyewe alikuwa Etiene, kijana wa Mboko aliyesafirisha ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa pikipiki, mpole, mwenye tabia ya kufuta viatu vyake kwa majani kabla ya kuingia kwetu.

Ugonjwa ulianza na choo. Katika parseli yetu, kiwanja kimoja chenye nyumba kadhaa, familia nne tulitumia choo kimoja, na mlango wake wa bati ulikuwa unalia ukifunguliwa. Ukaanza kulia mara nyingi. Bahati aliacha bugali katikati na kukimbia. Alitoka kanisani katikati ya wimbo. Siku moja niliingia baada yake nikaona damu juu ya ubao, nikarudi mbio kumwambia, kwa sababu nilidhani kuna mtu ameumia humo ndani. Akanikamata midomo kwa vidole viwili. "Usimwambie Mama," akasema. "Ni pilipili tu." Tangu siku hiyo, kwa muda mrefu, niliamini kwamba pilipili inapoingia mwilini inabaki nyekundu mpaka inapotoka, na nikaacha kuila.

Mama alijua siku Bahati alipoanguka kwenye njia ya kisima. Alikuwa amekauka, macho yamezama. Ilikuwa msimu wa kolera, kwa hiyo hakuna aliyeuliza maswali. Wanaume walimweka juu ya kiti cha baiskeli wakampeleka kwenye mahema ya kolera. Huko ndiko harufu ilikotoka. Walinipulizia klorini miguuni mlangoni, wakampulizia Mama, wakapuliza hata nguo alizovaa Bahati. Alilazwa juu ya kitanda cha mbao chenye tundu katikati na ndoo chini ya tundu, mbele ya watu wote, yeye aliyekuwa akijifunika uso hata kupiga chafya. Nilimwona akilia bila machozi. Nilidhani amekasirika. Sikujua kwamba mwili wake haukuwa na maji ya kutosha ya kulia.

Baada ya chupa kadhaa za serumu kwenye mshipa akapata nguvu, na muuguzi akaja kumwambia Mama, "Haiko kolera. Kolera haitoke na damu vile. Mumupeleke dispensari, iko na amibe." Basi nyumbani likaingia neno amibe, yaani amiba, kijidudu cha tumbo. Nililisikia kila siku: Bahati iko na amibe, amibe yake ni nguvu, amibe imerudi. Nilidhani ni mwanamke. Nilimchora mchangani, mrefu, mwenye kucha, nikamwambia Bahati tukimkuta Amibe njiani nitamrushia jiwe. Akacheka mpaka akashika tumbo, kisha kucheka kukageuka kitu kingine na akakimbia tena kwenye mlango wa bati.

Alikunywa dawa za amibe boksi kwa boksi. Akapungua. Mwenye atelie, mama mmoja aliyependa kujiita fundi wa mabibi arusi, alimwambia mbele ya wenzake asikalie tena viti vya wateja. Siku chache baadaye akamwambia abaki nyumbani kabisa. Majirani wa parseli walifanya mkutano wao bila kutuita, na kesho yake tukakuta kufuli kwenye mlango wa choo. Familia zote zilipewa ufunguo isipokuwa sisi. Mama alichimba shimo nyuma ya nyumba, akalizungushia majani ya ngazi, ile michikichi ya mawese, na Bahati alikwenda huko, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Watoto wa parseli, ambao nilicheza nao kila siku, walimtungia wimbo. Uliimbika vizuri sana. Mara mbili nilijikuta nauimba mwenyewe nikiosha sahani, bila kufikiri, na Bahati akiwa anasikia. Hakunigombeza. Alisahihisha sauti yangu. "Juu kidogo pale," akasema.

Baba alikuwa Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu. Alipokuja na kumwona mtoto wake hakukaa hata chini. Daktari mmoja wa hospitali kubwa alikuwa amemwambia Mama kwamba huu si ugonjwa wa kuambukiza, kwamba ni utumbo wenyewe unaoumwa, na lazima wakautazame kwa kamera huko Bukavu. Baba akauza mashine ya mtumbwi aliyokuwa akiitunza kwa uzee wake, akamchukua Bahati, wakapanda gari la kwenda Uvira, na kutoka huko Bukavu. Mama alibaki nami. Hili la Mama kubaki nimelifikiria mara nyingi, kwa sababu yote aliyoyasema daktari wa Bukavu aliyasikia Baba, na Bahati vipande tu; mimi nilikuja kuyasoma nilipokuwa mkubwa, kwenye karatasi ya hospitali. Alisema mwili wa Bahati unaupiga vita utumbo wake wenyewe. Alisema dawa zipo, ila si za kumaliza. Ni za kunywa kila siku, pengine maisha yote, na zisikatwe kwa ghafla. Alisema tumbo likivimba na homa ikaja, wasimtie dawa yoyote kwa nyuma, na wasingoje hata saa moja. Baba alimletea Mama vidonge na kumwambia, "Anywe kila siku, basi." Kisha akarudi Misisi, na maneno mengine akaenda nayo shimoni.

Vidonge vilikuwa vidogo, vyeupe, na vilifanya muujiza. Damu ikakatika. Bahati akaanza kula. Akaomba kichwa cha mukeke. Na uso wake, uliokuwa umebaki mifupa, ukaanza kujaa. Ukajaa mashavu, ukajaa chini ya kidevu, ukawa wa mviringo na kung'aa kama umepakwa mafuta. Leo najua ni dawa zilizomvimbisha. Siku zile mtaa mzima ulifurahi. "Ona Bahati vile amenona!" walisema wale wale waliotufungia choo, na ufunguo mmoja ukaletwa kwetu ukiwa umefungwa katika kitambaa, pamoja na sahani ya mihogo. Mwenye atelie akapita kumsalimia. Mama Etiene, mama ya mchumba, ambaye hakuwa ameonekana tangu habari za damu, alikuja kutoka Mboko na debe la mafuta ya mawese, akambana mashavu na vidole, akasema, "Sasa huyu ndiye mukwe yangu." Nilijivunia uso ule. Nilipiga mashavu yangu kila asubuhi ili yavimbe pia.

Bahati akaalikwa Mboko kukaa siku chache kwa wakwe, kama desturi. Alirudi kabla ya siku zake. Alikaa kitandani bila kuvua viatu, na Mama alipomuuliza akasema tu amechoka. Aliniambia mimi, tukiwa tunalala, kwa sababu watu wakubwa huwaambia watoto mambo wanayodhani hayataeleweka.

"Mama Etiene aliniona nameza kidonge," akasema. "Akauliza: dawa gani hiyo ya kila asubui? Nikamuambia ni ya tumbo. Akasema: ya tumbo inaisha. Ya kila siku mi naijua ni ya ugonjwa gani."

"Ugonjwa gani?" nikauliza.

"Ule wa batu kukonda na kufa. Akasema nikimeza tena mbele yake, arusi imekufa."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitavimeza kisha ndoa, mudogo yangu. Nikishaingia nyumbani kwangu, nani ataniuliza?"

Akavifunga vidonge katika kipande cha kikwembe, akavisukuma nyuma ya sanduku. Nilimwona akifanya hivyo na sikuona ubaya wowote. Alikuwa mzima. Alikuwa mnene. Dawa ni ya wagonjwa.

Sijui zilipita wiki ngapi. Najua mlango wa bati ulianza tena kulia, polepole kwanza, na Bahati akawa anakohoa kwa nguvu anapoufungua ili sauti isisikike. Asubuhi alitapika. Nguo zake za mwezi hazikuonekana kwenye kamba muda mrefu, tangu alipokonda, na wanawake wa parseli huhesabu nguo za wenzao. Uso ulikuwa bado umejaa. Wakaweka mambo hayo pamoja, na neno lilipofika kwangu lilinifurahisha kuliko yote niliyowahi kusikia: Yaya Bahati iko na mimba.

Kiongozi wa kwaya alituma mtu kuchukua joho la Bahati. Etiene alikuja siku ileile na hakufuta viatu. Alisimama mlangoni, akatazama chini, akasema, "Bahati, ile haiko yangu. We unajua mi sikukugusa."

"Hakuna mimba, Etiene," Bahati akajibu. "Uniangalie. Mi ni mugonjwa."

"Ulikuwa mugonjwa ukakonda. Sasa unanona. Batu ya Mboko yote banamucheka mama yangu." Akaenda. Nilisikia pikipiki ikiwaka mara moja tu, na Bahati, aliyekuwa akitega sikio kama itazimwa, akarudi kulala.

Kisha, katika siku mbili au tatu, mambo yakageuka. Choo kikakoma kabisa. Hakukimbia tena. Alilala tu, akiwaka joto, na tumbo likapanda. Lilipanda mbele ya macho yetu, likakaza kikwembe, likawa gumu na la mviringo kama uso. Kwangu hayo yalikuwa ushindi mara mbili: ugonjwa wa choo umekwisha, na mtoto amejionyesha. Nilikusanya vipande vyote vya vitambaa alivyonihifadhia na kuvikunja vidogo vidogo kwa ajili ya nepi. Niliweka sikio juu ya tumbo lake. Nilikuwa nimewahi kusikiliza tumbo la Mama kambini na kusikia maji, mingurumo, mateke. Hapa sikusikia kitu chochote. Kimya, kama ukuta.

"Mutoto amelala," nikamwambia.

Bahati akaniwekea mkono kichwani. Ulikuwa wa moto. "Muite Mama," akasema. "Umuambie banipeleke hospitali."

Lakini Shangazi alikuwa amekwisha kufika. Dada ya Baba, Shangazi Eliza, aliyezalisha nusu ya mtaa na aliyekuwa na dawa ya kila tumbo. Alimbonyeza Bahati, Bahati akapiga kelele, na Shangazi akamgeukia Mama.

"Ulimuona na bwana?"

"Anakataa," Mama akasema. "Anasema haiko mimba."

"Kama haiko mimba, basi ni choo imefunga. Na kama ni mimba, ataisema mwenyewe. Mi niko na majani ya kufungua."

"Anaomba hospitali, Eliza."

"Hospitali? Batu bamuone amelazwa na tumbo vile? Kaka yangu iko shimoni anatoka jasho juu ya huyu mutoto, we unataka kumuvua nguo mbele ya Baraka yote? Tumupige lavema. Ikikataa, kesho utampeleka."

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa lavema. Sote tulilazwa juu ya mapaja ya mama zetu na ule mpira mdogo mwekundu, maji ya majani yakaingizwa nyuma, pilipili kidogo ndani yake, na tukakimbia. Ilikuwa dawa ya homa, ya uvivu, ya kukosa hamu ya kula. Sikuona cha kuogopa. Nilimsikia Bahati akisema, "Mama, docteur wa Bukavu alikataza, muulize Baba," na Shangazi akasema, "Baba yako iko wapi tumuulize?" Shangazi alimshika mabega. Mama ndiye aliyeshika mpira, kwa sababu Bahati alimkataa Shangazi. Alisema kama ni lazima, basi Mama. Alimwamini mkono wake.

Sitaisimulia sauti ile. Nitasema kilichofuata, ambacho ndicho kilitudanganya sote. Bahati alinyamaza. Akafungua macho, akatazama paa, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. "Mama," akasema, "sasa haiumi." Shangazi akapiga makofi. Mama akacheka na kulia kwa pamoja, akanituma nikachemshe uji. Nilipouleta, midomo ya Bahati ilikuwa imekuwa ya majivu na tumbo lake lilikuwa ubao. Nilimgonga na kijiko kwa mchezo, hakugeuka.

Hospitalini wanaume walimwingiza mbio. Mama hakuwa na mtu wa kuniacha naye, kwa hiyo nilikaa kando yake kwenye benchi la barazani, nimebeba termosi ya uji ambayo hakuna aliyeinywa. Jua lilikuwa bado halijashuka daktari alipotoka, yeye na muuguzi wake, aproni yake imelowa. Alikuwa kijana, si wa kwetu, Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza.

"Mama, utumbo ulitoboka," akasema. "Uchafu ulijaa tumbo yote. Tulimufungua, lakini alikuwa amechelewa. Alikufa juu ya meza."

Mama hakulia. Akauliza, "Na mutoto?"

"Mutoto gani?"

"Ndani."

"Hakukuwa na mutoto, Mama. Hakukuwa na kitu." Halafu akauliza, bila ukali, "Mulimupatia nini nyumbani?"

"Lavema, docteur."

"Nani alimupiga?"

"Mi mwenyewe."

Daktari akavua glavu zake. Akageuka kwa muuguzi, akasema maneno machache kwa Kifaransa, ya chini, ya uchovu. Kisha akamgeukia Mama tena na kumwambia kwa Kiswahili, "Pole sana." Akaenda kunawa.

Mama akaninong'oneza, "Amesema nini? We unasomaka Kifaransa."

Shuleni nilikuwa nimefika kwenye rangi na siku za juma. Lakini nilikuwa na sikio zuri. Bahati mwenyewe alikuwa amelifundisha. Niliyarudia maneno yale kama yalivyotoka: sesakilatwe. Na kwa kuwa mama yangu alikuwa ananitazama kama vile ninajua, nikamwambia ninachokiamini. "Ni jina ya ugonjwa. Sesakilatwe."

Akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Kilioni, watu walipojaa uani na minong'ono ya mimba iliyotolewa ikizunguka kutoka mkeka hadi mkeka, Mama alisimama mbele ya Mama Etiene na kusema kwa sauti, "Mutoto yangu hakutoa mimba. Docteur alimufungua, hakukuta kitu. Aliuawa na ugonjwa, unaitwa sesakilatwe." Mama Etiene aliinamisha kichwa. Wanawake wakalirudia neno, wakasikitika nalo. Mwalimu wangu alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Alilisikia. Aliweka chini kikombe chake cha chai, akatoka uani, na hakurudi mpaka tunazika.

Kwaya haikuja. Shangazi ndiye aliyemwosha na kumvalisha, na alisifiwa kwa kazi nzuri. Baba alifika kaburi limekwisha kufunikwa. Alikaa wiki moja, hakumwambia Mama neno lolote kuhusu Bukavu, na sikupata kujua kama alinyamaza kwa huruma au kwa sababu hakuweza kulitamka.

Miaka ilipita. Nikiwa sekondari, siku moja ya kawaida kabisa, mwalimu wa Kifaransa aliandika kitenzi cha kuua ubaoni na kutufanya tukiimbe katika wakati uliopita, kwa umbo la kiume na la kike. Nikaimba na wengine. Tulipofika kwenye la kike, ulimi wangu ukatangulia darasa: sesakilatwe. C'est ça qui l'a tuée. Hicho ndicho kilichomuua: ile lavema. Niliomba ruhusa ya kutoka, nikakaa nyuma ya darasa, na niliporudi nyumbani Mama alikuwa akichambua maharage akaniuliza mbona macho yangu mekundu. Nikasema vumbi.

Mwaka jana nilianza kuona damu chooni. Sikuficha, sikusema pilipili. Nilikwenda hospitali, na Mama akasisitiza kunisindikiza, kwa miguu yake iliyovimba, akishika mkono wangu kama vile mimi ndimi mzee. Daktari aliyetupokea alikuwa msichana, pengine mkubwa kidogo tu kuliko Bahati wa siku za kuchumbiwa. Aliniuliza mengi. Kisha akauliza kama katika familia kuna aliyewahi kuugua utumbo.

Mama alijibu kabla yangu. Aliketi sawasawa, akafunga kilemba chake, kama anavyofanya kila anapomtetea mtoto wake.

"Iko," akasema. "Mukubwa wake. Alikufaka na sesakilatwe."

Daktari aliacha kuandika. Alimtazama Mama, kisha mimi. Nikamwambia kwa Kifaransa, haraka, aandike kwamba dada yangu alikufa kwa ugonjwa wa utumbo, na kwamba asimwulize mama yangu kitu kingine chochote.

"Umemuambia nini?" Mama akauliza.

"Vile umesema, Mama," nikajibu. "Hakuwa amesikia jina vizuri."

Mama akainama juu ya meza, akamtajia binti yule neno lile tena, polepole, kipande kwa kipande, ili aliandike bila makosa.